Marando ya Viazi Vitamu: Chagua Mapema, Usingoje Mvua

Mkulima, mvua za masika zikikaribia, watu wengi huhangaika kutafuta marando ya viazi vitamu. Wa Muhoroni na Koru huomba kwa jirani. Wa huku Nyalenda hukata popote palipobaki unyevu karibu na ziwa. Wengi hupanda ugonjwa pasipo kujua.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Utaona majani madogo yaliyojikunja, rangi yake imefifia kuwa manjano, na mmea umedumaa. Huletwa na virusi vya aina mbili vikikutana katika mmea mmoja. Kimoja huenezwa na nzi weupe, cha pili na vidukari. Hakuna dawa ya kuponya mmea uliokwisha kuugua, na rando lililokatwa kwake huota likiwa gonjwa. Mavuno yaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Hununui ng'ombe bila kumtazama mdomo na kwato. Basi usipande rando bila kuutazama mmea lilikotoka.

Fanya hivi:

1. Tia alama mimea yenye afya ingali shambani. Kata ncha zake, urefu wa sentimita 30 hivi. Acha sehemu ya chini ya shina, maana fukusi hutaga mayai huko.

2. Katika mwezi wa kwanza kagua matuta kila juma. Ng'oa mmea mgonjwa, uutoe shambani.

3. Usipande kando ya shamba la viazi la zamani. Badilisha na mahindi au maharagwe.

4. Matuta yakipasuka, yafunike kwa udongo ili fukusi wasipate njia. Viazi vikikomaa, vichimbe bila kukawia.

Ziko pia aina zinazovumilia virusi. Mojawapo ni Kabode, iliyotolewa Uganda mwaka 2007 na sasa hulimwa Kenya pia. Nyama yake ni ya rangi ya machungwa, yenye vitamini A ifaayo macho ya watoto. Dakta Robert Mwanga wa Uganda, aliyezalisha aina za namna hii, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Lakini kuvumilia si kinga kamili: hata Kabode huhitaji marando safi.

Je, kiangazi kikikausha marando yote? Wakati wa kuchimba, weka kando viazi vidogo visivyo na jeraha, kutoka mimea yenye afya. Vipange katika beseni la mchanga mkavu bila kugusana, uvifunike kwa mchanga, uviweke ndani ya nyumba. Majuma 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande katika kitalu kidogo chenye ua, ukimwagilia maji. Mvua ikinyesha, utakata marando yako mwenyewe.

Ukiwa na shaka, mwite Bwana Shamba aitazame mimea kabla hujakata rando, si baada ya kupanda.