Samaki wa Matumbawe na Kazi za Mikono Yetu

Leo twataka kueleza habari za samaki wakaao katika miamba ya matumbawe ya pwani yetu, tangu Lamu mpaka Mtwara, na jinsi kazi zetu wanadamu zinavyowadhuru. Huenda mtu wa bara akadhani kwamba neno hili halimhusu. Lakini udongo wa shamba lake hushuka na mto mpaka baharini, kama tutakavyoona.

Kwanza yafaa tujue tumbawe ni kitu gani. Watu wengi hudhani ni jiwe tu, kwa kuwa tangu zama za wazee wetu twalichoma kupata chokaa na twalijengea nyumba. Kumbe jiwe hilo ni makao yaliyojengwa na wanyama wadogo wenye miili laini, maelfu kwa maelfu, waishio pamoja. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, ambayo hujifanyia chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake. Kwa sababu hiyo tumbawe hutaka maji safi yapenyayo nuru, wala yasiwe na joto kupita kiasi. Nalo hukua polepole: tumbawe la bonge huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka, na mengine hata kiasi hicho hayafiki. Bonge lenye kimo cha mtu limeanza kukua kabla ya kuzaliwa babu zetu.

Katika matawi na mapango ya mwamba hukaa changu, chewa, tafi, kangaja, pono na wengine wengi, na kila mmoja ana kazi yake. Pono, mwenye mdomo mgumu kama wa kasuku, hukwangua mwani uotao juu ya mawe, hata tumbawe changa likapata mahali pa kushika. Kikande naye huwala wale wanyama wa mviringo wenye miiba, wachomao miguu ya wavuvi. Kikande wakivuliwa wote, wenye miiba huzidi mno, wakaukwaruza mwamba na kuumomonyoa. Wataalamu walilithibitisha jambo hili katika pwani ya Kenya: mahali palipovuliwa kupita kiasi walikuta wanyama hao wa miiba wamejaa tele, na mahali palipohifadhiwa ni wachache. Basi mtu amtoaye samaki mmoja katika mwamba huigusa na kazi ya yule samaki.

Sasa tuyatazame madhara yenyewe. La kwanza ni uvuvi wa baruti. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni. Mshindo wa baruti ukipita majini, kibofu hupasuka na samaki hufa, wakubwa na wachanga pamoja. Wengi huzama, na mvuvi huokota sehemu tu ya aliowaua. Matumbawe nayo huvunjika yakawa kokoto, na kokoto hizo hubingirishwa na mawimbi, hata tumbawe jipya lisiweze kukaa. Katika Tanzania uvuvi huu ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1970, lakini haukukoma. Uliendelea kwa miaka mingi baadaye. Wahenga walisema kweli: mchuma janga hula na wa kwao. Mwenye baruti hupata fedha za siku moja, na jirani yake mwenye dema na mshipi hukosa kitoweo kwa miaka.

La pili ni juya lenye macho madogo. Hukokotwa juu ya mwamba na majani ya bahari, likavunja matumbawe na kuzoa samaki wasiopata kuzaa hata mara moja.

La tatu ni uchafu. Maji ya vyoo yakimwagwa baharini bila kusafishwa huwa mbolea ya mwani. Mwani ukastawi, ukalifunika tumbawe. Miji mikubwa ya pwani, kama Zanzibar na Dar es Salaam, imemwaga maji ya namna hiyo baharini kwa miaka mingi. Na mashamba yasiyokingwa yakioshwa na mvua, udongo huchukuliwa na mito. Mto Sabaki huleta tope jingi karibu na Malindi, na tope huzuia nuru na kuyasonga matumbawe.

La nne ni joto. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta yachomwayo ulimwenguni kote umeizidisha hari ya dunia. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa kadiri ya digrii 1 tu, majuma kadha, tumbawe huifukuza ile mimea yake, likawa jeupe. Na hali hiyo ikidumu, hufa. Ndivyo ilivyotukia mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipokufa. Mwamba ukifa, vitatange walao tumbawe hukosa chakula, na samaki wadogo hukosa maficho.

Je, hakuna dawa? Ipo. Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi za bahari mwaka 1968. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, mwamba wake ulihifadhiwa mwaka 1994, na waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi wake. Huko Kuruwitu, Kenya, wavuvi wenyewe walitenga hekta 30 mwaka 2005, wakaziita tengefu, na samaki wakarudi. Samaki mkubwa aliyeachwa huzaa mayai mengi kuliko wadogo kadha, na wazao wake huvuka mpaka wakaingia mitegoni mwa majirani.

Twajua kwamba mvuvi mwenye watoto wenye njaa hawezi kuambiwa asubiri tu. Kwa hiyo mahali pa kutenga hapana budi pachaguliwe na wavuvi wenyewe, pasiwe pakubwa hata wakakosa pa kuvua, na sheria imshike tajiri auzaye baruti kabla ya maskini airushaye. Mkulima wa bara naye na akinge matuta, na wenye miji wasafishe maji yao. Joto la dunia hatuwezi kulipoza peke yetu. Lakini mwamba wenye pono na kikande wake, katika maji safi, huwa na tumaini kubwa zaidi la kupona baada ya hari kupita.