Elizabeth na John Gould: mke na mume waliochora ndege wa Australia

Wale kasuku wadogo wa kijani na manjano wanaouzwa kwenye vizimba mijini, asili yao ni Australia. Huko huruka kwa makundi makubwa juu ya nyika, kama kwelea wanavyofanya kwenye mashamba yetu ya mtama. Mmoja wa watu wa kwanza kuwafikisha Uingereza wakiwa hai ni John Gould, aliyerudi nao mwaka 1840. Jina lake linajulikana na kila mtu anayesoma habari za ndege. Jina la mkewe Elizabeth, ambaye ndiye aliyeshika kalamu na brashi, lilikaa nyuma kwa zaidi ya miaka 100.

Wote wawili walizaliwa mwaka 1804. John alikuwa mtoto wa mtunza bustani, na baba yake alifanya kazi kwenye bustani za mfalme huko Windsor. Hakusoma shule kubwa, lakini tangu ujana alijua kumchuna ndege, kukausha ngozi yake na kuijaza hadi aonekane kama yu hai. Ufundi huo ulimpatia kazi katika Jumuiya ya Zuolojia ya London. Mfalme George IV alikuwa na twiga aliyeletewa kama zawadi na mtawala wa Misri, na twiga huyo alipokufa mwaka 1829, John alikuwa mmoja wa mafundi walioitwa kumjaza.

Elizabeth Coxen alikuwa mwalimu wa nyumbani. Alimfundisha mtoto wa familia moja ya London Kifaransa, Kilatini na muziki, kazi ambayo hakuifurahia kwa sababu ilikuwa ya upweke. Alijua kuchora vizuri. Walioana Januari 1829.

Muda mfupi baadaye John alipokea ngozi za ndege kutoka milima ya Himalaya, ambao wengi wao hawakuwahi kuonekana Ulaya. Akaamua kutoa kitabu cha picha zao. Elizabeth alipouliza ni nani atakayezichora picha hizo kwenye mawe ya kuchapia, John alimjibu kwamba ni yeye.

Mawe hayo yanahitaji maelezo kidogo. Wakati huo hapakuwa na kamera za kupiga picha za namna hiyo. Njia mpya iliitwa litografia. Fundi huchukua bamba la jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini, akachora juu yake kwa chaki yenye mafuta. Kisha jiwe hulowanishwa maji. Sehemu yenye mafuta hukataa maji, sehemu tupu huyanywa. Wino wa kuchapia nao una mafuta, kwa hiyo ukipakwa hushika kwenye mchoro tu. Karatasi hukandamizwa juu ya jiwe, na picha inatoka ikiwa imegeuka: ndege aliyetazama kulia kwenye jiwe hutazama kushoto kwenye karatasi. Mchoraji lazima alifikirie hilo kabla ya kuanza, na kosa kwenye jiwe halifutiki kirahisi. Baadaye wasaidizi walipaka rangi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine.

Elizabeth alijifunza kazi hiyo huku akilea. Kitabu cha Himalaya kilikuwa na kurasa 80 za picha zenye ndege 100. Kikafuata kitabu cha ndege wa Ulaya chenye picha 448. Chache kati ya hizo zilichorwa na kijana aliyeitwa Edward Lear, na nyingi ni za Elizabeth. Chini ya picha nyingi paliandikwa majina yote mawili, lakini mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: John alichora kwa haraka alama za jinsi ndege atakavyokaa na kuandika maneno pembeni, kisha Elizabeth akatengeneza picha yenyewe, manyoya kwa manyoya. John alikuwa na jicho la kutofautisha ndege na kichwa cha biashara. Mkono haukuwa wake.

Jicho hilo lilimsaidia hata Charles Darwin. Januari 1837 Darwin alileta ngozi za ndege alizokusanya visiwa vya Galápagos. Yeye alidhani ni ndege wa jamii mbalimbali. Katika muda wa siku chache John aliwachunguza na kusema kwamba wengi wao ni wa ukoo mmoja, waliotofautiana midomo: wengine minene, wengine myembamba. Jambo hilo lilimpa Darwin mengi ya kufikiria kuhusu jinsi viumbe wanavyobadilika. Picha 50 za ndege katika taarifa ya safari yake zilichorwa na Elizabeth.

Kisha ikaja Australia. Kaka zake wawili Elizabeth walikuwa wamehamia huko kufuga, na walituma ngozi za ndege. John aliona hazitoshi, maana ngozi iliyokauka haikuonyeshi ndege anakulaje wala anajengaje kiota. Mei 1838 walipanda meli London. Walimchukua mtoto wao mkubwa wa miaka saba. Watatu wadogo waliachwa kwa mama yake Elizabeth, na mama yao hakuwaona tena hadi baada ya miaka miwili. Barua alizoandika nyumbani zinaonyesha jinsi jambo hilo lilivyomkaa moyoni.

Meli ilichukua takriban miezi minne kufika Hobart, katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania. Gavana Sir John Franklin na mkewe walimpa Elizabeth mahali pa kukaa nyumbani kwao. John alikwenda porini, akavuka visiwa, akaingia bara. Elizabeth alibaki akichora mamia ya picha za ndege, na pia majani, maua na matawi ambayo yangewekwa nyuma ya kila ndege. Mei 1839 alijifungua mtoto wa kiume hapo Hobart, wakamwita Franklin Tasman. Baadaye mwaka huohuo alimfuata mumewe New South Wales, kwenye shamba la kaka yake lililoitwa Yarrundi.

John hakuwapata ndege hao peke yake. Wenyeji wa asili wa Australia ndio waliojua ndege yupi anakaa wapi, na huko Yarrundi vijana wawili wa kabila la hapo walimwongoza katika safari zake. Aliyekusanya ndege wengi magharibi na kaskazini mwa nchi alikuwa msaidizi wake John Gilbert, ambaye aliuawa mwaka 1845 akiwa katika msafara mwingine. Elimu ya ndege ya wakati ule ilibebwa na watu wengi, ingawa kitabu kilikuwa na jina moja kwenye jalada.

Familia ilirudi London Agosti 1840. Elizabeth akaanza mara moja kuhamisha michoro yake kwenye mawe kwa ajili ya kitabu cha ndege wa Australia. Alimaliza picha 84. Agosti 15, 1841, siku chache baada ya kujifungua mtoto wake wa nane, alikufa kwa homa ya uzazi. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Homa hiyo husababishwa na vijidudu vinavyoingia kwenye mji wa mimba wakati wa kujifungua. Wakati ule madaktari hawakujua, na wengi wao walitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa. Mwaka 1847, miaka sita tu baadaye, daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali moja ya Vienna aliwaamuru wenzake kunawa mikono kwa dawa yenye klorini, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Hata hivyo wengi walimbishia.

John aliajiri wachoraji wengine. Kitabu cha Australia kilikamilika mwaka 1848, juzuu saba zenye picha 600. Hakuoa tena. Aliendelea kutoa vitabu vikubwa hadi alipofariki mwaka 1881, akiacha nyuma karibu picha 3,000, na sifa zikaenda kwake.

Majina mawili ya kisayansi yanamkumbuka Elizabeth. Moja ni la chozi wa Asia, mwekundu na manjano, aliyepewa jina lake alipokuwa hai. La pili John alilitoa mwaka 1844, kwa kumkumbuka marehemu mkewe, akampa ndege mdogo wa Australia anayekula mbegu za nyasi: mgongo wa kijani, kifua cha zambarau, tumbo la manjano. Watu wengi hudhani ndege huyo ameitwa Gould kwa ajili ya mume. Lakini jina lake la Kilatini ni gouldiae, na mwisho huo wa maneno hutumika kwa mwanamke. Ndege huyo bado yupo porini kaskazini mwa Australia, ingawa amepungua sana kwa sababu ya moto wa nyika na malisho ya ng'ombe yanayomaliza mbegu anazozitegemea.