Mwanagenzi na Mwenyeji Wake: Jinsi ya Kumsaidia Mwanafunzi wa Chuo Kutulia Nairobi

Utangulizi

Kila mwaka, muhula unapofikia tamati, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Kenya huelekea Nairobi kwa mafunzo ya kazini. Kwa wanafunzi wa Kiswahili sababu ni bayana. Shirika la Utangazaji la Kenya lina makao yake katika Barabara ya Harry Thuku. Gazeti la Taifa Leo huandaliwa jijini. Wachapishaji wa vitabu vya shule kama vile Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation na East African Educational Publishers wana afisi zao huko. Na Bunge, ambamo Kiswahili na Kiingereza hutumika katika mijadala, limo katikati ya jiji. Mafunzo hayo aghalabu huchukua takribani miezi mitatu, na mara nyingi hayana mshahara. Makala haya yanamwita mwanafunzi huyo mwanagenzi, kwa maana ya mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, na anayempokea mwenyeji, awe jamaa, rafiki au mwanafunzi aliyetangulia.

Mwanagenzi anapoondoka nyumbani hupewa nauli, akiba kidogo na dua. Yote hayo yana thamani. Hata hivyo, msaada ulio adimu kuliko yote ni maelezo: kuelezwa jinsi jiji linavyofanya kazi kabla halijamfunza kwa hasara. Mwanafunzi asiyelielewa jiji huchelewa kazini, huishiwa na fedha katikati ya mwezi, na msimamizi wake humwandikia kuwa ni mzembe. Alama hizo hubakia katika rekodi yake, ilhali kosa lilikuwa ni kupanga chumba upande usiofaa wa jiji.

Makao na Usafiri

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, na umbo hilo la awali lingali linaathiri maisha ya mkaazi wake. Barabara kuu, yaani ya Thika, Mombasa, Ngong, Jogoo na Waiyaki, zinaelekea katikati mithili ya vijiti vya gurudumu la baiskeli, na matatu nyingi hukomea huko. Kwa hiyo mtu anayeishi Githurai, kando ya Barabara ya Thika, na kufanya kazi South C, karibu na Barabara ya Mombasa, kwa kawaida hulazimika kupanda magari mawili asubuhi na mawili jioni.

Hesabu ifuatayo ni ya kielelezo tu, kwani nauli na kodi hubadilika. Na ichukuliwe kuwa chumba cha mbali kinagharimu shilingi 4,000 kwa mwezi, na nauli ya magari manne ni shilingi 260 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, nauli ni shilingi 5,720, na jumla ni shilingi 9,720. Chumba kilicho karibu na kazi kinagharimu shilingi 6,500, na nauli ya gari moja kwenda na kurudi ni shilingi 100 kwa siku, yaani shilingi 2,200 kwa mwezi. Jumla yake ni shilingi 8,700. Chumba kilichoonekana ghali ndicho kilicho rahisi, licha ya saa zinazookolewa. Isitoshe, nauli ya matatu hupanda asubuhi, jioni na hasa mvua inaponyesha; bajeti iliyopangwa kwa nauli ya saa nne mchana haitatosha. Kanuni ni kwamba mahali pa kazi pajulikane kwanza, kisha ndipo makao yatafutwe.

Kuhusu chumba chenyewe, mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na pesa za dhamana, ambazo mara nyingi hulingana na kodi hiyo. Mwanagenzi ajue pia kwamba maji hupatikana kwa zamu katika mitaa mingi, na kwamba umeme wa nyumba nyingi hununuliwa kwa tokeni. Ni muhimu aulize wapangaji waliopo maji hutoka siku zipi. La muhimu zaidi ni kwamba asitume pesa kwa simu kulipia chumba ambacho hajakiona, wala asimlipe mtu anayedai ada ili amwonyeshe vyumba. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, imekuwa rahisi kwa mzazi aliye mbali kumtumia mwanawe fedha. Imekuwa rahisi vilevile kwa tapeli kuzipokea na kuzima simu.

Siku ya kuwasili nayo inahitaji mpango. Mabasi mengi ya safari ndefu huishia maeneo ya River Road na kituo cha mabasi cha Machakos, mengine usiku wa manane. Ni heri abiria abakie katika afisi ya kampuni ya basi hadi kupambazuke. Anayetoka Pwani kwa reli iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 afahamu kuwa gari moshi hilo hukomea Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na kwamba kuna safari nyingine mbele yake.

Lugha ya Jiji

Pengine mwanafunzi wa Kiswahili atadhani kuwa lugha ndiyo kitu pekee ambacho hahitaji kufunzwa. Dhana hii humponza. Kondakta anapomwambia kuwa nauli ni mbao, hana habari za ubao. Anamaanisha shilingi 20. Ashu ni 10, finje ni 50, soo ni 100 na ngiri ni 1,000. Dereva ni dere, naye mlinzi wa lango ni soja. Asiyejua msamiati huu hulipa zaidi, hushuka kituo kisicho chake, au hutambulika papo hapo kuwa mgeni na watu wenye nia mbaya.

Nadharia ya rejesta, ambayo mwanafunzi huyu ameijibia maswali katika mtihani wa isimujamii, ndiyo inayomfaa hapa. Kiswahili sanifu hueleweka kote jijini, na hakuna aibu yoyote kumwomba kondakta amteremshe mahali fulani kwa lugha fasaha. Linalokera ni kuwarekebisha wenyeji wanaposema "gari ingine" au "kitabu yangu". Hao wanatumia mfumo wao wa mazungumzo, na mtu aliyewasili juzi hana mamlaka ya kuufuta. Msikilizaji makini atapata humo data ya utafiti ambayo maktaba ya chuo haina.

Adabu za maamkizi nazo hutofautiana. Anayetoka mahali ambapo "shikamoo" ni faradhi kwa kila mkubwa atakuta kwamba Nairobi wengi huamkiana kwa "habari" au "hujambo", na kwamba ukimya wa jirani si dharau. Afisini, barua na taarifa za ndani aghalabu huandikwa kwa Kiingereza hata pale ambapo kazi yenyewe ni ya Kiswahili, ingawa Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inazitambua lugha zote mbili kuwa rasmi. Mwanagenzi afike akiwa tayari kuandika barua safi katika lugha zote mbili.

Wajibu wa Mwenyeji na wa Mgeni

Wanafunzi wengi huanzia kwa shangazi, mjomba au binamu. Wahenga walisema kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jijini jembe ni kuteka maji yanapotoka, kuosha vyombo, kuwasaidia watoto kwa kazi ya shule, na kuchangia unga au mafuta ya taa kadiri ya uwezo. Mgeni asingoje kuambiwa, kwa maana shangazi anayeishi katika vyumba viwili na watoto watatu huenda akaona haya kulalamika, na kinyongo kikatua moyoni.

Mwenyeji naye ana jembe lake. Aseme siku ya kwanza, kwa upole na bila mafumbo, lango hufungwa saa ngapi, nani hushika ufunguo, na mgeni anakaribishwa kwa muda gani. Jumapili kabla ya kazi kuanza, amsindikize mwanagenzi hadi mlango wa afisi, wakitumia gari lilelile atakalolitumia Jumatatu, kisha amwonyeshe njia ya pili ya kurudi nyumbani endapo ya kwanza itafungika. Safari hiyo moja huondoa hofu nyingi. Amkumbushe pia kubeba kitambulisho, maadamu majengo mengi ya jiji humwandikisha mgeni langoni, na kuficha simu anapoketi dirishani katika msongamano wa magari.

Kuna jambo zito zaidi ambalo aghalabu hufumbiwa macho. Mwanagenzi hana mshahara, hana mkataba wa kudumu, na anahitaji sahihi ya msimamizi katika daftari lake la mafunzo. Udhaifu huo huweza kutumiwa na mtu mwovu, kazini au hata nyumbani alikopokewa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera kuhusu suala hilo. Mwanafunzi aambiwe haya kabla ya kuondoka chuoni, na apewe jina la mhadhiri atakayempigia simu bila kuulizwa kwanza alikuwa amevaa nini. Ziara ya mhadhiri ifanyike mapema, katika majuma ya kwanza, ili tatizo lipatiwe dawa kabla ya mafunzo kwisha.

Hitimisho

Maarifa yaliyoelezwa hapa hayamo katika mtaala, lakini yamo vichwani mwa wanafunzi wanaorudi kutoka Nairobi kila mwaka. Tatizo ni kwamba huondoka nayo wanapohitimu, na wanaofuata huanza upya. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuziba pengo hilo kwa gharama ya daftari moja. Kila anayerejea ajaze ukurasa: alifanya kazi wapi, alipanda gari la nambari gani na kutoka kituo kipi, alilipa nini, maji yalitoka siku zipi, nani alimfaa, na ni jambo gani angependa kuambiwa kabla ya kwenda. Ukurasa wenye tarehe utamwezesha msomaji kujua iwapo nauli iliyotajwa ni ya juzi au ya miaka mitano iliyopita. Majina na nambari za simu za watu yasiandikwe bila idhini yao.

Daftari hilo likiwekwa katika afisi ya chama na kusomwa majuma mawili kabla ya safari, mwanafunzi atakayeshuka kwenye basi alfajiri, begi begani, atakuwa anajua asubiri wapi, apande gari gani, na ni nani anayemngojea upande wa pili.