Nyigu Wadogo, Sukari na Baridi ya Milimani



Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yetu ya Rubavu hupanda juu zaidi ya hapo. Alfajiri mchuma chai huvaa sweta. Lakini yuko kibarua mwenzetu asiye na sweta wala mshahara: ni nyigu mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele, asiyeuma mtu.

Kazi yake ni kutaga yai ndani ya kidukari anayenyonya majani. Funza akianguliwa, humla kidukari kutoka ndani. Geuza jani la kabichi uone: kidukari aliyevimba, rangi ya kahawia, amebaki ganda. Ganda likiwa na tundu la mviringo, nyigu mpya ameshatoka.

Je, mdudu mdogo hivyo hustahimili baridi kwa njia gani? Ni kwa sukari. Nyigu hunywa mbochi wa maua na maji matamu yatokayo kwa vidukari. Sukari hiyo hukaa katika damu yake, hasa ile iitwayo trehalosi. Nyingine huwekwa akiba, nayo huitwa glikojeni. Baridi ikizidi, wadudu wengi hugeuza akiba hiyo kuwa gliseroli na vitu vingine vya jamii ya sukari. Hivyo hulinda chembe za mwili zisiharibike, na huzuia maji ya mwilini yasigande upesi. Hapa kwetu maji hayagandi, lakini usiku wa baridi humlegeza nyigu. Na nyigu wengi wa aina hii wakishakomaa hawajengi mafuta mapya. Asiyepata mbochi leo, kesho hana nguvu.

Faida yake imeonekana. Kahawa ya Kenya iliposhambuliwa na wadudu weupe wenye unga, mwaka 1938 waliletwa nyigu kutoka Uganda, na wadudu wale wakapungua sana.

Lakini sumu nyingi za kunyunyizia hazichagui. Humwua kidukari na nyigu pamoja. Kidukari huzaana upesi, hurudi kwanza, na bomba la sumu hurudi mgongoni mwetu.

Basi katika kamati tudai haya:

1. Maua ya kandokando ya shamba yasifyekwe yote.
2. Majani yakaguliwe kabla ya kunyunyiza.
3. Mbeba bomba apewe glavu, barakoa, maji na sabuni.

Nyigu hana chama cha kumtetea. Sisi tunacho. Tukimlinda yeye, tunalinda na mapafu yetu.