Kiharusi Baada ya Kupandikizwa Moyo na Mapafu

Mwezi Machi 1981, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Daktari Bruce Reitz na wenzake walimpandikiza Mary Gohlke moyo na mapafu kwa pamoja. Akaishi zaidi ya miaka mitano. Tangu hapo upasuaji huo umekuwa sababu ya wengi kuongezewa siku.

Walakini, wasomaji wapenzi, miongoni mwa yanayohofiwa baadaye ni kiharusi. Wakati wa upasuaji, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Donge la damu au kiputo cha hewa huweza kusafiri hadi ubongoni na kuziba mshipa. Tena, baadhi ya dawa za kuuzuia mwili usivikatae viungo vipya hupandisha shinikizo la damu.

Uzito wa jambo ni kwamba mgonjwa huwa amelazwa kwa dawa za usingizi, hawezi kulalamika kuwa mkono umekufa ganzi. Nayo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wapewayo wengine, kwake ni ya hatari, kwani jeraha lingali bichi; hivyo madaktari huenda wakalivuta donge kwa mrija mwembamba upitishwao mshipani.

Ndipo jicho la mama, mke au dada linapokuwa na thamani. Akizinduka, mtazameni: uso umepinda? Mkono mmoja hauinuki? Maneno yanamponyoka? Mwiteni muuguzi papo hapo, msingoje kupambazuke. Na akirejea nyumbani, dawa zake zisikatizwe, na presha ipimwe mara kwa mara.