Mchezo wa video wa sketibodi

Mchezo wa video wa sketibodi ni aina ya mchezo wa video ambamo mchezaji humwongoza mtu aliyesimama juu ya sketibodi, yaani ubao mfupi wenye magurudumu manne. Kwa kawaida lengo lake si kumpiga adui wala kufunga magoli, bali kufanya mitindo: kuruka, kuzungusha ubao hewani, kuteleza juu ya vyuma na kutua bila kuanguka. Aina hii ilipata umaarufu mkubwa kupitia mchezo wa Tony Hawk's Pro Skater wa mwaka 1999. Raha yake hutokana hasa na jambo moja: kila mara mchezaji huamua mwenyewe kama aridhike na pointi alizopata au azihatarishe zote ili apate zaidi.

Historia

Mmoja wa michezo ya mwanzo ya aina hii ni 720°, uliotolewa na kampuni ya Atari Games ya Marekani mwaka 1986 kwa mashine za sarafu. Ndani yake kijana huzunguka mjini juu ya ubao wake, na muda ukimwishia hufukuzwa na nyuki. Mwaka 1997 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa Top Skater, ambao mchezaji alisimama juu ya ubao halisi uliofungwa kwenye mashine.

Mnamo 27 Juni 1999, katika mashindano ya X Games mjini San Francisco, Mmarekani Tony Hawk alikamilisha mzunguko wa nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu hewani. Alifaulu baada ya kuanguka mara nyingi siku hiyohiyo. Miezi michache baadaye ulitoka mchezo wenye jina lake, uliotengenezwa na Neversoft na kusambazwa na Activision. Matoleo ya pili na ya tatu yalifuata mwaka 2000 na 2001. Mwaka 2007 kampuni ya Electronic Arts ilitoa Skate, mchezo uliolenga uhalisia zaidi.

Hesabu ya pointi

Katika michezo ya Tony Hawk, mitindo inayofanywa kwa mfululizo bila kukatika huhesabiwa pamoja. Thamani za mitindo hujumlishwa, kisha jumla huzidishwa kwa idadi ya mitindo. Kwa mfano, mitindo mitatu yenye thamani ya 500, 300 na 200 hufanya 1,000. Ikizidishwa kwa 3, mchezaji hupata pointi 3,000. Akiongeza mtindo wa nne wenye thamani ya 100 tu, jumla huwa 1,100 mara 4, sawa na 4,400. Mtindo mdogo kabisa umemwongezea pointi 1,400.

Hata hivyo, pointi hizo hazijawa zake mpaka atue salama. Akianguka, mfululizo wote hupotea. Kwa hiyo kadiri anavyoendelea, ndivyo faida na hasara zinavyokua pamoja. Hali hii haifanani sana na mpira wa miguu, kwa sababu goli likishafungwa halipotei. Inakaribiana zaidi na rede, mchezo wa watoto wa Tanzania ambamo aliye katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira. Kila anapoinama kuteka mchanga, anajiweka katika hatari ya kupigwa.

Kurudia mtindo uleule hupunguza thamani yake. Kanuni hii humzuia mchezaji kutegemea mbinu moja aliyoizoea na kumlazimu ajifunze nyingine.

Vidhibiti

Mchezo hufurahisha pale ambapo mambo ya msingi ni rahisi lakini kuyaunganisha ni kazi. Katika Tony Hawk's Pro Skater, kitufe kimoja huruka, kingine huzungusha ubao, kingine hushika ubao kwa mkono na kingine huteleza juu ya kingo na vyuma. Anayeanza anaweza kufanya kitu cha kuvutia baada ya dakika chache. Toleo la pili liliongeza mtindo wa kwenda kwa magurudumu mawili tu, ambao huunganisha mruko mmoja na mwingine. Mchezaji hulazimika kulinda mizani wakati huo wote.

Skate ulichagua njia nyingine. Badala ya kubonyeza kitufe ili kuruka, mchezaji huvuta kijiti cha kulia chini kisha hukisukuma juu, karibu kama miguu inavyofanya juu ya ubao. Hapo mruko mmoja uliotua vizuri unaweza kuridhisha kuliko mitindo kumi ya mchezo wa kwanza.

Muda na kuanguka

Katika matoleo ya mwanzo ya Tony Hawk, kila zamu huchukua dakika mbili. Ndani yake mchezaji hutafuta pointi, hukusanya herufi tano za neno SKATE na kusaka kanda ya video iliyofichwa. Zamu ikiharibika, huanza nyingine mara moja.

Kuanguka ni sehemu ya raha hiyo. Kama mtu asingeweza kuanguka, kutua kusingekuwa na maana. Lakini adhabu ikiwa ndefu mno, mchezaji huchoka. Mchezo mzuri humwondolea pointi lakini humwinua tena baada ya sekunde chache, akiwa bado anakumbuka kosa lake. Kadiri anavyorudia, anaanza kuyaona mazingira upya: ngazi, kingo za ukuta na reli huwa njia zinazoweza kuunganishwa.

Afrika Mashariki

Sketibodi huhitaji sakafu laini. Katika sehemu za milimani kama Upareni, miteremko ipo tele, lakini magurudumu madogo ya ubao huo hukwama kwenye barabara za udongo na mawe. Kwa hiyo vijana wengi wanaweza kuufahamu mchezo huu kwenye skrini kabla ya kukanyaga ubao wenyewe. Viwanja vya saruji vya kuchezea vimejengwa katika baadhi ya miji, kikiwemo cha Kitintale, Kampala, na kile cha Shangilia, Nairobi. Tangu Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, sketibodi ni mchezo wa Olimpiki.

Mchezo wa video unaweza kumfundisha mtu majina ya mitindo na namna inavyofuatana. Haumpi mizani ya mwili, wala haumwonyeshi uzito wa kuangukia saruji. Anayehamia kwenye ubao halisi huanza upya, tena akiwa amevaa kofia ngumu.