Kutazama Meli Kilindini: Burudani Yenye Faida

Kila mtu ana jambo apendalo kulifanya akisha kumaliza kazi yake. Wako wapendao mpira, wako wafugao njiwa, na wako ambao raha yao ni kucheza bao kivulini. Mimi nakaa Mwiki, upande wa Ruiru, mahali palipo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,500, ambapo maji makubwa tuyaonayo ni yale yajaayo njiani wakati wa masika. Lakini burudani yangu mimi ni kutazama meli. Majirani hucheka wakisikia hivyo, kwa kuwa kutoka kwetu hata Mombasa ni mwendo wa kilomita karibu 500. Hata hivyo burudani hii haihitaji fedha nyingi wala elimu kubwa. Yataka daftari, kalamu, macho mazuri na subira. Nimeona vema niwaeleze wasomaji, hasa wakulima na makarani wenzangu, jinsi ifanywavyo na faida ipatikanayo ndani yake. Kwa maana siku moja mafunzo yake yalinilazimisha kuchagua kati ya aibu na hatari.

MAHALI PA KUKAA

Tangu reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, safari ya pwani imekuwa nyepesi. Mtu hupanda gari la moshi Syokimau asubuhi, na kabla jua halijachwa amekwisha kufika Mombasa. Akitaka kuona meli, na aende katika bustani ya Mama Ngina iliyo kando ya bahari, ambayo ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2019. Hapo pana mibuyu ya kale, wauza madafu na wauza mihogo ya kukaanga, na upepo haukosekani.

Kila meli kubwa iingiayo Kilindini sharti ipite mbele ya mahali hapo, kwa kuwa lango la katika miamba ni hilo. Hupita karibu sana hata mtu aweza kuwaona mabaharia wakikunja kamba. Kisha huelekea Likoni, ambako feri huingojea ipite, na kuingia katika maji yenye kina. Jina lenyewe la Kilindini lasema hivyo, maana kilindi ni maji marefu. Zamani meli zilitia nanga mbali na pwani, na shehena ikashushwa kwa mashua. Gati za kwanza za maji marefu zilimalizika mwaka 1926. Katika mwaka 2024 bandari hiyo ilipitisha makontena zaidi ya milioni 2, kwa hesabu ya makontena ya futi 20.

KUISOMA MELI

Mara ya kwanza nilipokwenda, niliandika katika daftari langu kwamba nimeona meli tatu za Liberia na mbili za Panama, nikastaajabu jinsi nchi hizo zilivyo na biashara kubwa na Kenya. Karibu nami alikuwa ameketi mzee mmoja aliyekuwa baharia kwa miaka mingi. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitika, “Marahaba, mwanangu. Waandika nini?” Nilipomwonyesha alicheka kwa upole. Akanieleza kwamba jina la mji lililoandikwa nyuma kwenye shetri si jina la mahali meli itokako, bali ni mji ilikoandikishwa. Mwenye meli aweza kuwa Mgiriki, nahodha Mhindi, mabaharia Wafilipino, na shehena ya Wachina, lakini meli ikaandikishwa Monrovia, Panama au Majuro, kwa sababu ada na masharti ya huko humfaa mwenye meli.

“Jina la meli hubadilika kama nguo,” aliniambia. “Wewe tazama namba.”

Namba hiyo ina tarakimu saba, nayo hutanguliwa na herufi IMO. Meli haibadilishiwi namba hiyo tangu kuundwa kwake hata kuvunjwa kwake, ijapokuwa itauzwa mara kumi. Makarani watapenda kujua kwamba namba hiyo yajikagua yenyewe. Chukua mfano wa 9074729. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, na ya sita kwa 2. Utapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Ukizijumlisha ni 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, na tarakimu ya saba ya namba yetu ni 9 vilevile. Zisipolingana, ama umeandika vibaya ama macho yako yamekudanganya.

Bendera nazo zina maneno yake. Bendera iliyo nusu nyeupe na nusu nyekundu yasema kwamba rubani wa bandari amekwisha kupanda. Ya manjano yaomba ruhusa ya watu wa afya. Nyekundu tupu yaonya kwamba kuna shehena ya hatari. Ya buluu yenye mraba mweupe katikati yawaita mabaharia warudi, kwa kuwa meli i karibu kung’oa nanga.

Tena mtu asiyeweza kusafiri asihuzunike. Tangu mwisho wa mwaka 2004 meli zenye tani 300 na zaidi ziendazo nchi za nje zinapaswa kuwa na chombo kitangazacho jina lake, mahali ilipo na mwendo wake. Habari hizo huonekana hata katika simu ya mkononi. Jioni nyingi nimeketi Mwiki, nikaiona meli iliyo njiani kutoka Bahari ya Hindi, na asubuhi yake nikasoma kwamba imefunga gati.

MELI ZILIZOPITA

Wazee wa Mombasa wanakumbuka meli za abiria ambazo hazipo tena. Mbili kati ya hizo zilipewa majina ya nchi zetu: Kenya, ya mwaka 1951, na Uganda, ya mwaka 1952. Zilileta na kuchukua watu kati ya London na Mombasa. Ile Uganda iligeuzwa kuwa meli ya wanafunzi, na mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falklands. Mwisho wake ulikuwa Taiwan mwaka 1986, ilikopelekwa kuvunjwa.

Upande wa pili wa kisiwa, chini ya Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ipo bandari ya kale. Humo ndimo yalimoingia majahazi na mabumu ya Arabuni pamoja na upepo wa kaskazi, yakileta tende, chumvi na mazulia, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri katika bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaandika kitabu juu ya maisha ya mabaharia wale. Naye pia alianza kwa kutazama tu.

MKULIMA NA MELI

Huenda msomaji akauliza, “Mimi mwenye miti yangu ya kahawa Ruiru au Thika, meli zanihusu nini?” Zakuhusu sana. Kontena moja la futi 20 huchukua magunia kadiri ya 320 ya kahawa safi, kila gunia kilo 60. Hizo ni kilo 19,200. Na kwa kuwa kilo moja ya kahawa safi hutokana na kilo sita au saba za matunda mabichi, kontena hilo moja ni zaidi ya kilo 115,000 zilizochumwa kwa mikono ya watu. Nilipoliona kontena likiinuliwa kwa winchi sikuona sanduku la chuma tu, bali niliona migongo ya mama zetu iliyoinama.

Kwa hiyo balaa ya meli ni balaa ya shamba. Mwezi wa Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mamia ya meli zikangoja. Tena tangu Novemba 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na nyingi zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Safari ikarefuka, na gharama ikapanda. Mkulima ajuaye mambo hayo hatadanganywa kwa urahisi na mtu amwambiaye kwamba bei hupanda na kushuka bila sababu.

MISTARI YA UBAVUNI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Yule mzee alinionyesha katikati ya ubavu wa meli alama ya duara iliyopitiwa na mstari, na kando yake mistari mifupi mfano wa ngazi. Mistari hiyo yaonyesha mwisho wa meli kuzama ikiwa imepakia. Mmoja ni wa maji matamu, mwingine wa bahari za joto, mwingine wa kiangazi, mwingine wa baridi. Katika maji matamu meli huzama zaidi kwa kuwa maji hayo ni mepesi kuliko ya chumvi. Na penye baridi na dhoruba yapasa ipakie kidogo.

Alama hiyo yaitwa kwa jina la Samuel Plimsoll, mjumbe wa bunge la Uingereza. Katika siku zake wako wenye meli waliozijaza kupita kiasi, nazo zikizama wao hulipwa bima, na mabaharia huliwa na samaki. Alipiga kelele hata sheria ikatolewa mwaka 1876. Lakini sheria ile iliwaachia wenye meli wachague wenyewe mahali pa kuuchora mstari, na jambo hilo halikusahihishwa mpaka mwaka 1890. Mapatano ya mataifa yalifuata mwaka 1930, na mapya mwaka 1966.

“Mwanangu,” yule mzee alisema, “mstari ule ni rangi tu. Hauwezi kumzuia mtu. Mtu ndiye ajizuiaye.” Kisha akanyoosha kidole kuelekea Mtongwe, wala hakusema zaidi. Kila mtu wa Mombasa ajua kwamba tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka huko, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Na katika Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilichoruhusiwa kuchukua watu 101 kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228.

SIKU YANGU

Mwaka uliofuata nilikuwa pwani pamoja na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na mmoja. Tulitaka kuvuka kwenda kisiwa kimoja. Mashua ilikuwa imeandikwa ubavuni kwamba yachukua abiria 20. Kwa mazoea ya daftari nilihesabu vichwa, nikapata 33, pamoja na magunia ya unga na pikipiki moja. Kati ya maji na ukingo wa chombo palikuwa na shibiri moja tu. Nauli nilikuwa nimekwisha kuilipa.

Nilimwambia mwenye mashua kwamba sisi tutangoja nyingine. Alijibu kwamba hakuna nyingine hata alasiri, na nauli hairudi. Abiria wakaanza kucheka. Mmoja alisema, “Watu wa bara huogopa hata maji ya kuoga.” Mpwa wangu alinivuta mkono, machozi yakimlengalenga, si kwa hofu bali kwa haya. Nami nakiri kwamba niliona haya kuliko yeye. Nilisimama gatini kama mtu aliyesahau jina lake.

Mashua ile ilifika salama. Tuliitazama mpaka ikafunga ng’ambo, na mpwa wangu akaniuliza, “Mjomba, sasa tulibaki kwa nini?” Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nilimwambia kwamba mashua ile itavuka salama kesho, na kesho kutwa, na ndiyo sababu mwenyewe ataendelea kuijaza. Tulikula mihogo, tukangoja saa nne. Mashua ya alasiri ilikuwa na watu 14.

Jioni, wakati wa kurudi, kijana alinitangulia gatini. Nilimwona akinyosha kidole na kuhesabu abiria mmoja mmoja kabla hajakanyaga chombo. Alipomaliza akasema, “Kumi na tisa, mjomba,” nasi tukapanda.

SHAURI KWA WASOMAJI

Msomaji atakaye kuanza na anunue daftari, achore safu za tarehe, jina la meli, namba, mji wa kuandikishwa, na mstari wa maji ulipo. Asipige picha penye bango la kukataza, wala bandarini bila kuuliza, maana askari hawatajua kwamba yeye ni mpenda meli tu. Na awasalimu wazee aketio nao, kwa kuwa mengi yaliyo katika daftari langu sikuyapata vitabuni.

Wahenga wa pwani walisema, “Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Nami baada ya majina yote na namba zote, hurejea daima kwenye ule mstari mmoja wa rangi. Yeye asiyefika pwani atauona popote penye maji na chombo: kwenye ziwa, kwenye mto, hata kwenye matatu iliyo tayari kuondoka stendi ya Mwiki. Ahesabu kwanza, kisha apande.